Hizi 236, 623 na d/f+2 kwenye kombo zinasomwaje? Nimechanganyikiwa

PadiMpya
Wakuu habari zenu, naomba msaada kwa wanaojua magemu ya ngumi. Nimeanza na Street Fighter 6, nacheza Ryu, na mle ndani ya gemu wanaonesha mishale na picha za vitufe kwa hiyo naelewa, nafuata, pigo linatoka. Shida inaanza nikitoka nje ya gemu kutafuta kombo, yaani mapigo yanayounganishwa mfululizo. Huyu kaandika 236P, mwingine pigo hilohilo kaandika qcf+P, wa tatu kasema tu "fireball", yaani ule moto wa Ryu, basi kamaliza. Nikahamia Tekken kidogo nikakutana na f,n,d,d/f+2, na huko 2 wala sio mwelekeo, ni ngumi. Hapo ndo nikakwama kabisa.

Niliambiwa namba zinafuata kibodi ya namba. Sina kompyuta, nikafungua sehemu ya kupigia simu kwenye simu yangu nikaiweka pembeni ya skrini niwe naangalia. 2 iko juu, 3 juu kulia, 6 kulia. Nimekaa jioni nzima nazungusha stiki kutoka juu kuja mbele na Ryu anaruka tu, anaruka anapiga ngumi hewani anatua, hakuna moto wowote unaotoka. Nikaanza kuhisi padi imekufa.

Maswali yangu: nianze na mtindo upi, ni lazima niijue yote, na mpinzani akiruka akaja upande wa pili namba zinageuka au zinabaki vilevile?

Mzee_623
Padi yako nzima mkuu, kosa ni simu. Vitufe vya kupigia simu vina 1 2 3 juu, ila kibodi ya namba ya kompyuta ina 7 8 9 juu. Funga hiyo sehemu ya simu fungua kikokotoo, kikokotoo cha simu kimepangwa kama kompyuta. Utaona hivi:

7 8 9
4 5 6
1 2 3

Sasa usizione kama namba za kuhesabu, zione kama mahali stiki ilipo. 5 hujagusa kitu, 6 mbele, 4 nyuma, 8 umeruka, 2 umechuchumaa, na zile za kona ni za kona. 236 maana yake unaanza chini, unapita kona ya chini mbele, unaishia mbele, halafu ngumi. Jioni nzima ulikuwa unafanya 896 bila kujua, lazima aruke.

Ukishaliona hilo zingine zinakuja zenyewe. 214 ni robo duara kurudi nyuma, kwa Ryu ndo lile teke la kuzunguka. 41236 ni nusu duara kwenda mbele. 623 ndo inayowasumbua watu wengi, mbele, chini, kona ya chini mbele, ni shoryuken hiyo, na ukimaliza stiki ibaki pale kwenye 3, wengi wanaiteleza mpaka 6 tena na gemu linaweza kusoma 236, wanatoa moto badala ya kupaa. Namba ikiwa kwenye mabano ya mraba shikilia, kwa hiyo moto wa Guile, mhusika mwingine wa gemu hilo, ni [4]6P, unakaa nyuma kwanza kidogo, mbele, ngumi. Halafu angalia sana 360 ya Zangief, hiyo sio 3 kisha 6 kisha 0, ni nyuzi, mzunguko mzima wa stiki.

Kuhusu upande: kila kitu kimeandikwa kama vile wewe uko kushoto unatazama kulia. Mpinzani akikuvuka, kwenye maandishi hakuna kinachobadilika, 6 bado ni "kuelekea kwake" na 4 bado ni "kumkimbia". Kinachogeuka ni kidole chako. Ndo maana nakushauri usikariri "236 ni kulia", kariri "236 inaishia kwake".

Na ndo sababu mimi nazipenda namba kuliko herufi. Qcf ni ufupisho wa Kiingereza, lazima ujue Kiingereza kwanza ndo ujue robo duara, halafu f hiyohiyo kwenye Guilty Gear ukikuta f.S sio mbele, ni kitufe cha S ukiwa mbali na mtu, na c.S ni ukiwa karibu. Namba Mjapani anaandika, Mkorea anasoma, na wewe unasoma, hakuna anayemtafsiria mwenzake.

MishaleNaVitufe
Naongezea alichosema Mzee. Kuna majina ya zamani utakutana nayo kwa watu wa tangu mashine za Street Fighter II ya 1991, usiyafasiri neno kwa neno utapotea. Ngumi tatu wanaziita "jab", "strong", "fierce", mateke "short", "forward", "roundhouse", yaani nyepesi, ya kati, nzito. Kwa hiyo "strong" ni ngumi ya kati sio nzito, na "forward" ni teke la kati, halihusiani kabisa na kwenda mbele. Mimi mtu aliniambia "low forward fireball" nikawa nasukuma stiki mbele wiki nzima, kumbe alimaanisha chuchumaa teke la kati kisha moto. Hiyohiyo kwa namba ni 2MK xx 236P, na mwingine ataandika cr.MK xx hadoken. Sentensi tatu, kitu kimoja. xx ni kwamba pigo la pili linakatiza la kwanza kabla mguu haujarudi, ukiona mkato tu yaani , basi subiri la kwanza liishe ndo ubonyeze la pili.

KonaYaKazuya
Mimi hapa natofautiana na Mzee kidogo. Kama mtu anataka kukaa Tekken, kumwambia aanze na namba za mwelekeo ni kumchelewesha, maana huko karibu kila kitu utakachosoma kwa Kiingereza 1 2 3 4 ni viungo vya mwili. 1 mkono wa kushoto, 2 mkono wa kulia, 3 mguu wa kushoto, 4 mguu wa kulia. Ukilijua hilo kwenye padi na vidole vinatulia, kwa sababu kila kitufe ni kiungo chake. 1,2 ni kushoto kisha kulia, 1+2 ni mikono yote kwa pamoja, tofauti ni alama moja tu lakini ni mapigo mawili tofauti kabisa. Mwelekeo unabaki herufi, f mbele, b nyuma, d chini, u juu, na f ndogo unagusa, F kubwa unashikilia.

Sasa ile yako f,n,d,d/f+2 ni ngumi ya upepo ya Kazuya, mhusika wa Tekken. Gusa mbele, n ni achia stiki irudi katikati, chini, kona ya chini mbele na mkono wa kulia. Hiyo n watu wanaidharau, ila stiki isiporudi katikati hakuna kitu. Na ukiona imeandikwa d/f:2 yenye nukta mbili, maana yake kona na ngumi viingie kwenye fremu ileile moja, na sekunde moja ina fremu 60. Hapo ndo inatoka yenye umeme, na mimi miezi ilipita ndo ikaanza kunitoka ninapoitaka.

Mortal Kombat nako wana 1 2 3 4 ila huko ni ngumi ya mbele, ngumi ya nyuma, teke la mbele, teke la nyuma, sio kushoto na kulia. Usichanganye.

Mzee_623
KonaYaKazuya hapo sikupingi, kwa Tekken uko sahihi, asome kile ambacho wenzake wa gemu hilo wanaandika. Ila mwenye swali anacheza Street Fighter kwanza, aanze na namba. Na Wakorea na Wajapani wengi hata Tekken wanaandika 6n23RP, RP ikiwa ngumi ya mkono wa kulia, kwa hiyo hazitampotea.

MishaleNaVitufe
Cha kufanya leo mkuu, ingia sehemu ya mazoezi, washa ile orodha ya mishale inayotokea pembeni ya skrini unapobonyeza. Andika kombo kwenye karatasi kwa namba, ifanye, halafu linganisha karatasi na mishale. Ukikosa utaona wapi, mara nyingi 2 ipo na 6 ipo ila 3 katikati haipo.

PadiMpya
Wakuu nimerudi. Nimefungua kikokotoo, jaribio la tatu tu moto umetoka, siamini nilichokuwa nafanya jana. Na ni kweli kabisa 3 ilikuwa inakosekana, nilikuwa naruka kutoka chini kwenda mbele moja kwa moja, mishale ya pembeni ndo imenionesha. Upande wa kulia bado nakosa ila sasa najua kwa nini.

Nimejaribu kutafsiri, nisahihisheni. j.HK, 2MK xx 236HP nimesoma hivi: ruka na teke zito, tua, chuchumaa teke la kati, likatize kwa moto wa ngumi nzito. Na ile ya Kazuya nimeiandika kwenye daftari 6523+2.

KonaYaKazuya
Ya kwanza iko sawa yote. Ya pili mwendo wa stiki uko sawa, 5 na n ni kitu kimoja, ila hiyo 2 ya mwisho ibadilishe sasa hivi. Umeshaweka 2 kwa maana ya chini, ukiweka tena 2 kwa maana ya mkono wa kulia baada ya wiki mbili hutajua ipi ni ipi. Ukitumia namba kwa stiki, vitufe viandike kwa herufi: 6n23RP.

PadiMpya
Nimefuta nimeandika upya. Asanteni sana, narudi mazoezini upande wa kulia.