Tupeane uzoefu: makumbusho ya skauti, na kumbukumbu za skauti zilizobaki majumbani kwetu Kusini

Mwanzisha mada, Mtwara mjini

Ndugu zangu wa Mtwara na Lindi, nawasalimu. Naomba tupeane uzoefu, sisi tuliopitia uskauti, tunaowalea skauti, au tuliorithi vitu vya wazazi waliokuwa skauti.

Nilibahatika kufika Nyeri, nchini Kenya, kwenye nyumba ndogo iitwayo Paxtu, iliyojengwa mwaka 1938 katika viwanja vya hoteli ya Outspan, ambamo Robert Baden-Powell, mwasisi wa uskauti, aliishi na mkewe Olave hadi alipofariki tarehe 8 Januari 1941. Siku hizi nyumba hiyo ni makumbusho. Si jengo la kifahari hata kidogo, lakini kutani zimetundikwa skafu na beji zilizoachwa na skauti wa mataifa mbalimbali, na mgeni anayeingia huelewa upesi kwamba kila kitambaa kimetoka shingoni mwa kijana fulani aliyesafiri hadi pale kwa hiari yake. Kaburi la Baden-Powell lipo katika mji huohuo, limeelekea Mlima Kenya, na juu ya jiwe pamechongwa duara lenye nukta katikati, alama ambayo skauti aliyefundishwa kusoma alama za njiani huielewa bila kuelezwa: nimekwenda nyumbani.

Naamini kwa dhati kwamba huku kwetu hatukosi vitu vya kuweka katika makumbusho ya namna hiyo. Tunachokipoteza kila mwaka, kila tunapozika mzee, ni maelezo ya vitu hivyo. Naomba kila mmoja aeleze alichonacho na anachokijua kukihusu.

Mchangiaji kutoka Masasi

Ahsante, ndugu yangu, kwa mada hii. Marehemu baba alikuwa skauti alipokuwa akisoma shule ya misheni miaka ya hamsini. Alituachia kofia ya pama, mkanda wenye bizimu ya shaba, na picha moja ya vijana waliosimama mistari miwili mbele ya kanisa, wote wamevaa kaptula na skafu, na mmoja ameshika filimbi. Nyuma ya picha hapakuwa na neno lolote. Baada ya msiba niliipeleka kwa mzee mmoja aliyesoma na baba, nikamwamkia, nikamwekea picha mapajani. Alikaa kimya kitambo kirefu, kisha akaanza kutaja majina kwa kuwagusa usoni mmoja mmoja kwa ncha ya kidole, huku akieleza nani alikuwa kiongozi wa kikosi, nani alikuwa hodari wa kufunga mafundo, na nani alitembea kwa miguu kutoka kijijini kwao kwa sababu hakutaka kukosa kambi. Niliandika kila jina kwa penseli nyuma ya picha, kwa mkono mwepesi ili karatasi isichubuke upande wa pili. Wapo wawili ambao hakuwakumbuka. Mzee huyo naye sasa ametangulia mbele ya haki.

Mchangiaji kutoka Mikindani

Mimi ni mwalimu na mlezi wa skauti shuleni. Watoto wangu hawajaona makumbusho yoyote ya skauti, kwa hiyo nawasimulia kambi ya Agosti 1907 katika kisiwa cha Brownsea, Uingereza, ambako Baden-Powell alikusanya wavulana wapatao 20, baadhi wa shule za matajiri na baadhi watoto wa watu wa kazi za mikono, akawagawa katika vikosi vinne: Fahali, Mbwa mwitu, Kunguru na Sululu. Sululu ndiye aliyewavutia zaidi, kwa kuwa ndege huyo mwenye mdomo mrefu uliopinda humwona wenyewe akitafuta chakula kwenye matope ya ghuba yetu maji yanapokupwa. Tangu siku hiyo kikosi kimoja cha shule kinaitwa Sululu, na skafu ya kiongozi wake wa kwanza tumeihifadhi ofisini pamoja na jina lake na mwaka wake.

Mchangiaji kutoka Lindi mjini

Naunga mkono, ila naomba simulizi zetu ziwe kamili. Walezi wanaohitimu mafunzo ya juu huvaa shanga mbili za mti, na desturi hiyo ilianza mwaka 1919 katika kituo cha Gilwell Park karibu na London. Shanga za mwanzo zilitoka katika mkufu ambao Baden-Powell aliupata vitani Afrika Kusini, na ambao husimuliwa kuwa ulikuwa wa Dinuzulu, mfalme wa Wazulu. Katika nchi hiyohiyo vijana weusi walitengwa kwa muda mrefu katika chama cha pembeni ambacho mwanzoni kiliitwa Pathfinders. Makumbusho yanayoonyesha shanga na kunyamazia utengano huo yatakuwa yamewanyima watoto wetu nusu ya habari, na mimi nayasema haya nikiwa navaa shanga hizo na kuzipenda.

Sisi wa Lindi tuna sababu ya kusisitiza majina. Mifupa ya dinosaria, mijusi wakubwa wa kale, ya kilima cha Tendaguru mkoani kwetu ilichimbwa kati ya mwaka 1909 na 1913, ikabebwa vichwani na watu wetu hadi bandarini, na leo mjusi mkubwa mwenye kimo cha zaidi ya mita 13 amesimama Berlin. Boheti bin Amrani, msimamizi mkuu wa wachimbaji, anajulikana kwa sababu jina lake liliandikwa. Wapagazi walio wengi hawajulikani.

Mchangiaji kutoka Nachingwea

Nitaongeza la matunzo tu. Skafu zifuliwe bila sabuni kali, zianikwe kivulini na zikauke kabisa kabla ya kukunjwa, kwani unyevu ndio unaoleta ukungu. Bizimu na filimbi zisikae pamoja na vitambaa, maana kutu ikishaingia kwenye pamba haitoki. Sanduku liinuliwe kwenye matofali kwa sababu ya mchwa.

Mwanzisha mada, Mtwara mjini

Nawashukuru sana. Dada wa Masasi, naomba picha ile ipigwe nakala pande zote mbili, mbele na nyuma, kwa kuwa huenda miongoni mwetu yupo mtoto au mjukuu wa wale wawili wasiotajwa. Walio na wazazi waliokuwa skauti kabla ya Uhuru, tafadhali tuanze nao: jina la mwenye kitu, shule au kundi lake, mwaka, na nani aliyeeleza. Mwalimu wa Mikindani, kama uongozi wa shule utaridhia, nitaleta skafu yangu ikae karibu na ile ya Sululu.