Msaada: Skripti yangu ya usaliti wa ndoa inapoa kuanzia ukurasa wa 40

KalamuYaNjiro:
Wakuu, salaam. Nina skripti ya filamu ya taharuki, kurasa 118. Mume ana kampuni ndogo ya utalii Arusha, mke ni mhasibu wa hoteli, wanakaa Njiro. Mume anaaga kwamba anapeleka wageni Serengeti siku sita, kumbe yuko Moshi, mitaa ya Rau, kwa mchepuko. Mtazamaji anajua ukurasa wa 101, kwa kisengerenyuma (kurudi kwenye matukio yaliyopita) cha kurasa tisa kinachoeleza kila kitu. Wiki inayofuata mke yuko mahakamani anadai talaka, mwisho. Wote walioisoma wanachoka ukurasa wa 40. Nikiitoa siri mapema, si nitakuwa nimeiua filamu?

MeruMagharibi:
Umeiua kwa kuificha, mkuu. Mtu akiona bango la wanandoa waliopeana mgongo ameshajua kuna anayechepuka. Unamficha kurasa 100 kitu alichoingia nacho mlangoni. Swali lenye nguvu ni hili: mke atajua lini, na akishajua atafanya nini kabla mume hajashtuka? Tazama Vertigo ya mwaka 1958. Siri ya mwanamke anapewa mtazamaji wakati filamu bado ina safari, mwanamume hajui kitu, na hapo ndipo roho inaanza kukudunda.

Hesabu sasa. Ukurasa mmoja ni kama dakika moja, kwa hiyo shusha hadi 95. Kidokezo cha kwanza kisivuke ukurasa wa 12. Ukurasa wa 25 tuonyeshe gari la "Serengeti" likipita Tengeru, kisha Usa River, njia ya Moshi. Mtu wa Arusha hapo haambiwi neno, maana Serengeti ni upande wa Makuyuni. Kwa wa Mbeya na Mtwara, pitisha kibao cha Moshi kwenye kioo.

Ukurasa wa 48 mke ajue, na anyamaze. Hapa ndipo skripti nyingi zinaharibika: mke akijua tu, anapiga kelele, anavunja sahani, taharuki inakwisha na dakika 45 bado zinadai. Akinyamaza, kuanzia hapo nyumba ina waongo wawili. Anampakulia ndizi nyama, anauliza tembo walikuwa wengi? Mume anajibu kwa raha zake. Sini hiyo, yaani onyesho hilo, haihitaji muziki.

FundiSini:
Naunga mkono. Kisengerenyuma kifute chote, hata nusu ukurasa usibakize. Kazi yake ifanywe na vitu, na kila kitu kionekane kwanza pale ambapo hakina maana yoyote.

Mfano gari. Usitegemee vumbi la bodi, maana gari linaoshwa na mtazamaji atakudaka. Nenda kwenye filta ya hewa. Ukurasa wa 8, baada ya safari ya kweli, fundi anaitoa, anaigonga kwenye tairi, vumbi linamwagika kama unga. Mke yupo pembeni anasubiri funguo, hajali. Ukurasa wa 44, gari limetoka "Serengeti" tena. Fundi anagonga mara moja, mara mbili, hakitoki kitu. Anauliza tu, "Bosi alibadilisha hii?" Baki na uso wa mke sekunde tano, kata. Tafadhali asimpigie shoga yake sini inayofuata kumweleza maana ya filta!

Kingine ni LUKU, umeme wa kulipia kabla. Ule ujumbe wa "mpenzi nimekumisi" kila filamu inao. Ukurasa wa 5 umeme umekatika, mume anasoma tokeni tarakimu 20, mke anabonyeza, na namba ya mita yao tunaiona vizuri. Ukurasa wa 33 kwenye simu ya mume kuna tokeni ya mita nyingine. Namba ya mita ni tarakimu 11, mhasibu haisahau ya kwake. Anayenunua umeme wa nyumba nyingine ana nyumba nyingine.

MsomaSheria:
Mwisho wako una tatizo. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, kifungu cha 101, inataka shauri lipite kwanza Baraza la Usuluhishi la Ndoa kabla ya maombi ya talaka, isipokuwa kwa sababu maalumu. Sini ya mahakama unaweza kuitupa. Baraza lina nguvu zaidi: wawili hao benchi moja, wazee mbele yao, na kila mmoja ana kitu asichoweza kukitamka.

Halafu ongeza dau, uchepukaji peke yake hauzai taharuki. Kifungu cha 59 kinazuia mwanandoa kuuza au kuweka rehani nyumba ya ndoa bila ridhaa ya mwenzake. Mume aghushi saini ya mke, achukue mkopo kwa nyumba ya Njiro. Sasa mke akinyamaza anapoteza nyumba, akisema mapema mume anachoma karatasi.

KalamuYaNjiro:
Aisee, saini nimeichukua. Na mchepuko nimfanyeje? Kwa sasa ni mrembo wa kucheka tu na kuagiza wigi.

MeruMagharibi:
Huyo ni wa kila filamu. Asijue lolote. Ameambiwa mke waliachana zamani, na chumba kimoja anakipaka rangi ya mtoto. Ukitaka tuchanganyikiwe tumwonee nani huruma, anzia hapo.

FundiSini:
Na wakutane kabla ya baraza, ukurasa wa 70 hivi. Mke anagonga mlango Rau na daftari mkononi, anasema amekuja kukagua mita. Mita iko kwenye kona yenye giza. Anasoma namba moja moja, tarakimu 11, huku mchepuko mwenyewe akimshikia tochi ya simu.