Samoa ya wanawake: timu ya taifa au timu ya wajukuu?

Beki Tatu:
Wakuu, habari za jioni. Kila mtu na ulevi wake, wangu ni soka la wanawake la Oceania, msinicheke. Kuna jambo linanikera na Samoa.

Nchi yenyewe ni Upolu, Savai'i na visiwa vidogo vidogo, watu laki mbili na ushee. Mwaka 1998 mabinti wao walikwenda Auckland wakapigwa 21-0 na New Zealand. Mwaka 2019 Michezo ya Pasifiki ilichezwa kwao Apia, mji mkuu ulioko Upolu, wakafika fainali, wakafungwa 3-1 na Papua New Guinea. Ni hatua kubwa. Lakini ukitazama vikosi vyao vya miaka ya karibuni utakuta mabinti kibao waliozaliwa au kukulia New Zealand, Australia na Marekani. Bibi kazaliwa Savai'i, mjukuu anavaa jezi.

Sasa binti wa Savai'i mwenyewe, ambaye akitaka mazoezi ya Apia apande kivuko pale Salelologa, saa nzima na zaidi baharini, ashuke atafute gari la mjini, yeye anabaki na nini? Ni haki? Nawasilisha. Hoja tu, matusi pelekeni uzi mwingine.

Jiwe la Kona:
Timu ya kuazima hiyo. Nguo ya kuazima haisitiri makalio, wahenga walishamaliza mjadala. Wakistaafu wanarudi kwao New Zealand, Wasamoa wanabaki na picha. Halafu si ndio hao walipigwa 31 na Australia? Mtu aliyekula 31 hata umpe wajukuu wa Pele ni kazi bure.

Ngoma Droo:
Mkuu Jiwe, umekurupuka. Zile 31 walikula American Samoa, tena wanaume, 2001, Coffs Harbour. Archie Thompson peke yake alitia 13. American Samoa ni ya Marekani. Samoa ni nchi huru tangu 1962.

Jiwe la Kona:
Samoa ni Samoa. Wote si visiwa vimoja tu, wanaonana.

Ngoma Droo:
Katikati yao unapita mstari wa tarehe. Mwishoni mwa 2011 Samoa waliamua kuhama upande, wakairuka tarehe 30 Desemba, wakalala Alhamisi wakaamka Jumamosi. Sasa hivi Apia ikiwa Jumapili, Pago Pago, mji mkuu wa American Samoa, ndio kwanza Jumamosi. Hata siku hawako pamoja, wewe unawabebesha kipigo kimoja.

Ila nisiwe mnafiki. Siku ileile Samoa wanakula 21 za New Zealand mwaka 1998, mabinti wa American Samoa nao walikula 21 za Australia, mashindano hayohayo. Ndugu ni ndugu.

Mchambuzi Uchwara:
Nakumbuka enzi hizo Australia ilikuwa bado kwenye shirikisho la soka la Oceania. Wakahamia Asia 2006, wakaona kufunga 21 ni sawa na kumpiga mtoto mbele ya mama yake.

Mama Wawili:
Kaka Jiwe, hilo "kwao New Zealand" umelitoa wapi?

Mimi naishi Auckland ya kusini, mwaka wa kumi na mbili huu. Jumapili pita Otara au Mangere, utakuta akina mama wa Kisamoa wamevaa nyeupe, kofia nyeupe, wanatoka kanisani, na ibada yote imesaliwa kwa lugha yao. Sensa ya 2023 imehesabu Wasamoa zaidi ya laki mbili hapa New Zealand. Yaani wanakaribiana na walioko visiwani, huenda wamewapita. Jirani yangu mlango wa pili kila akipata mshahara fungu la kwanza linakwenda Savai'i: mazishi, kanisa, ada ya mtoto wa dada yake. Mtoto wa nyumba hiyo akiitwa timu ya Samoa, nani ameazima nani?

Beki Tatu:
Dada, fedha za mazishi na nafasi ya winga ni vitu viwili tofauti. Papua New Guinea wanatumia zaidi wachezaji wao wa nyumbani, na dhahabu ya Michezo ya Pasifiki wamebeba tangu soka la wanawake lianze pale 2003: 2003, 2007, 2011, 2015, 2019. Hiyo inaitwa kujenga.

Ngoma Droo:
Papua New Guinea ina mamilioni ya watu, mkuu. Samoa nzima inaingia mkoa mmoja ikabaki nafasi ya kuanika mpunga. Na hao mabingwa wako walikwenda mchujo wa Kombe la Dunia Februari 2023 wakafungwa 2-0 na Panama, wakarudi nyumbani.

Jiwe la Kona:
Mama Wawili hongera kwa kubeba maboksi huko, lakini msituletee uzungu. Mtu akishavuka maji anajiona yeye ndiye mwalimu wa kila kitu. Tunajadili mpira, wewe unatuhadithia makanisa.

Shabiki wa Nakuru:
Jiwe, wacha madharau bwana. Mama wa watu amekuja na takwimu wewe unamtupia boksi.

Mchambuzi Uchwara:
Haya, tumefika. Nilikuwa nahesabu ni posti ya ngapi boksi litatokea. La leo limechelewa.

Mama Wawili:
Kaka, hata lingekuwa boksi nisingeona aibu, boksi ni kazi. Ila mimi sikuja huku kutafuta maisha mazuri. Nimetoka Uvira na mtoto mgongoni, nikakaa kambini Nyarugusu mpaka nikazoea kuhesabu miaka kwa kadi ya chakula. Siku jina langu lilipotoka kwenye orodha ya kuhamishwa hata sikujua New Zealand iko upande gani wa dunia.

Mtoto wa pili nimemzaa hapa. Ana miaka kumi na moja, anacheza mpira na watoto wa Kisamoa na Kitonga. Wakimuuliza wewe wa wapi, anasema "Kongo". Hajaiona hata kwenye usingizi. Kesho kutwa Kongo wakimwita, wewe utakaa hapo useme ni nguo ya kuazima?

Jiwe la Kona:
Pole kwa ya Uvira, sikujua. Lakini hukulazimishwa kujibu. Na mtoto anayesema Kongo bila kuijua ndio hoja yangu hiyohiyo.

Kobe wa Pemba:
Yakhe Jiwe, ukianguka unabakia chini unasema nilikuwa natafuta shilingi.

Shabiki wa Nakuru:
Mimi niko kati. Sina shida na damu, shida yangu ni wimbo wa taifa. Mchezaji anasimama pale mdomo umefungwa kama mtu ameletwa kortini. Kama hujui wimbo, basi kaa benchi mpaka uujue. Hiyo sheria FIFA ingeleta ningeiunga mkono.

Ngoma Droo:
Kwa sheria hiyo nusu ya timu zetu hizi za nyumbani zingecheza watu saba. Wapo waliozaliwa palepale hospitali ya mkoa na beti ya pili wanatikisa kichwa tu.

Sheria yenyewe tuiweke mezani: kuzaliwa nchini, au mzazi, au babu na bibi mzaa mama ama mzaa baba kazaliwa huko, au ukae huko miaka mitano, mitatu kama ulihamia kabla ya kutimiza miaka 10. Uwe na uraia pia. Na tangu 2020 wamelegeza, hata aliyechezea wakubwa wa nchi nyingine mechi chache za mashindano kabla hajafika miaka 21 anaweza kuhama kwa masharti. Samoa hawajaiba. Wamesoma karatasi.

Beki Tatu:
Sikusema wameiba. Ninasema iwekwe idadi, tuseme wa nyumbani wasipungue nusu ya kikosi.

Mchambuzi Uchwara:
Mkuu mleta mada, umehamisha goli. Mwanzo uliuliza "ni haki?" Saa hii tunagawana viti maalumu.

Na nikukumbushe raga. Kombe la Dunia la ligi ya raga lililochezwa 2022, Samoa ilifika fainali Old Trafford na kufungwa 30-10 na Australia. Wengi wa vijana wale walilelewa Sydney na Auckland. Apia watu walijaa barabarani na bendera. Hakuna aliyesimama njiani kukagua pasipoti. Ila wakifika mabinti wa soka, ghafla tunataka cheti cha kuzaliwa na barua ya mtendaji wa kata.

Beki Tatu:
Usiniwekee maneno mdomoni. Mimi ndiye ninayetazama mechi za hao mabinti saa nane usiku, wewe huijui hata rangi ya jezi yao.

Mchambuzi Uchwara:
Buluu. Endelea.

Kobe wa Pemba:
Mie naona mnapigana juu ya kijiko, chungu hamkitazami. Samoa, watu laki mbili, ni mwanachama wa FIFA tangu miaka ya themanini, ana kura sawasawa na Brazil. Zanzibar tumehesabiwa karibu milioni 1.9 sensa ya 2022, FIFA hatumo. CAF walitupokea Machi 2017, Julai mwaka huohuo wakatutoa, hata kadi ya uanachama haijakauka wino. Tuvalu na Kiribati nao wamekaa nje ya mlango kama sisi. Binti wa Savai'i analo la kulilia, lakini analo la kulichezea pia.

Jiwe la Kona:
Muungano umeingiaje hapa jamani?

Kobe wa Pemba:
Umeingia kwa mlango uleule ulioingilia boksi lako.

Shabiki wa Nakuru:
😂😂 Hiyo imeingia kona ya juu.

Ngoma Droo:
Kwa faida ya wasiojua: uwanja wa soka pale Apia ulipewa jina la Sepp Blatter, aliyekuwa rais wa FIFA, likatanguliwa na Toleafoa, ambacho ni cheo cha kichifu walichomvika. Yaani Mswisi asiye na bibi hata mmoja Upolu kapewa uchifu na uwanja juu yake, halafu mjukuu wa damu tunabishana kama apewe jezi namba 14.

Beki Tatu:
Hiyo ya Blatter nimecheka, nakubali. Lakini hamjajibu kivuko.

Mama Wawili:
Nijibu mimi. Kivuko ni kweli, na ni shida. Lakini usimtoze mjukuu nauli ya kivuko. Huyo binti wa Savai'i anagombaniwa na netiboli na raga kabla soka halijamfikia, na yote hayo hayahusiani na mtoto wa Mangere.

Halafu mnaongea kama vile hawa watu waliamka siku moja wakapanda ndege kwa starehe. New Zealand iliingia Samoa 1914 ikawatawala mpaka 1962. Mwaka 1918 meli ya Talune ilitoka Auckland na homa ya mafua, ikaachwa itie nanga Apia bila karantini, akafa kama mtu mmoja kati ya watano. Baadaye viwanda vya hapa vikahitaji mikono, Wasamoa wakaitwa. Kazi zilipopungua miaka ya sabini, polisi wakawa wanavunja milango alfajiri wakitafuta waliopitisha muda wa viza. Majirani zangu wazee bado wakisikia hodi ya usiku hawafungui. Ni juzi tu, Agosti 2021, Waziri Mkuu Ardern alikaa akafunikwa mkeka mbele ya watu, ndiyo ifoga, desturi yao ya kuomba radhi.

Na 1982 mahakama ya juu ya London ilisema Wasamoa waliozaliwa kati ya 1924 na 1948 ni raia wa New Zealand. Bunge la hapa likatunga sheria mwaka huohuo kuwafutia. Wamekuja kurudishiwa njia Novemba 2024, wengi wakiwa wamekwisha kufa. Kwa hiyo serikali ikitaka wawe Wasamoa wanakuwa Wasamoa, na ninyi mkitaka wawe Wanyuzilandi wanakuwa Wanyuzilandi. Mtoto mwenyewe haulizwi.

Shabiki wa Nakuru:
Hii ya mafua sikuwa naijua. Mmoja kati ya watano?

Ngoma Droo:
Ndiyo. Na American Samoa, kwa Wamarekani, gavana alifunga bandari, hakufa mtu. Mkuu Jiwe, unaona faida ya kutofautisha Samoa mbili?

Jiwe la Kona:
Nimeshaona, usinikalie kooni.

Mchambuzi Uchwara:
Mimi nirudi kwenye mpira kidogo. Februari 2024, Apia hapohapo, fainali ya kufuzu Olimpiki: New Zealand 11, Visiwa vya Solomon 0. Hiyo ndiyo fainali, yaani hao Solomon ndio wa pili kwa ubora siku hiyo. Mlima ni huo. Anayetaka kuupanda kwa idadi ya "nusu wa nyumbani" na apande, mimi namsubiri chini na machela.

Beki Tatu:
Kwa hiyo tusiwe na ligi ya nyumbani, tuwe na ofisi ya kutafuta bibi?

Ngoma Droo:
Vyote viwili. Lakini ukiniambia fedha zipo za kimoja tu, naanza na ligi ya watoto Savai'i. Hapo niko na wewe, na ungeanza na hilo usingekula kurasa tatu za vumbi.

Kobe wa Pemba:
Na kura ya FIFA je?

Jiwe la Kona:
Kobe nenda kalale.
Mama Wawili, binti anacheza namba ngapi?

Mama Wawili:
Sita. Jezi ni ya kuazima, ya kaka yake. Inamsitiri mpaka magotini.

Jiwe la Kona:
Haya.

Fundi Saa:
Nimesoma kichwa cha habari tu. Samoa si ndio wale wa 31-0?