Gari moja, madereva wanne: naombeni ushauri

Habari zenu wakuu. Klabu yetu hapa Iringa ina gari moja tu la mashindano, Toyota Starlet, na madereva tuko wanne. Kwenye mbio za kuzunguka koni kila mmoja anakimbia peke yake akipimwa muda, hivyo tunapokezana usukani. Shida ni joto. Jumapili iliyopita wa mwisho nilikuwa mimi: breki zinanuka, tairi za mbele ukizigusa zinaunguza kiganja, upepo wa tairi umepanda kutoka psi 30 hadi 36. Bado nisogeze kiti na kukaza mkanda, huku naitwa kwenye mstari!

Zamu tuzipangeje iwe haki? Na gari likiharibika, alipe aliyeendesha au tuchange wote? Naipenda sana hii klabu, sitaki tugombane.