Bonasi imeshakatwa 22%, kuna wa kunidai tena?

Mgosi_Dallas (Novemba 2024): Wakuu, niko Texas. Kazini wamenipa bonasi ya dola 20,000, zikaingia 14,070. Wamekata 22% kodi ya serikali kuu na 7.65% ya Social Security na Medicare (pensheni na bima ya afya ya wazee). Jamaa ananitisha eti Aprili IRS, watoza kodi wa Marekani, watanipiga faini ya kulipa pungufu. Nimekatwa, naogopeshwa nini? Usingizi sina.

BintiPangani: "Zikaingia 14,070." Sisi wa laki nne tunasoma tu.

Mbeba_Boksi: 22% ni makadirio, kodi yenyewe inapigwa kwa kipato chote cha mwaka. Faini huipati kama makato yamefika 90% ya kodi ya mwaka huu, au 100% ya kodi ya mwaka jana (110% kama kipato kilizidi dola 150,000). Pengo chini ya dola 1,000 pia hawakugusi. W-4, ile fomu ya kumwambia mwajiri akukate kodi kiasi gani, umeijazaje?

Mgosi_Dallas: Kawaida tu.

Mbeba_Boksi: Kawaida ipi?

Mgosi_Dallas: Nimeandika watoto wanne. Wa marehemu kaka, wako Korogwe, ada nalipa mimi. Mtu asiniambie si wangu.

Mzee_Kikoi: Kulea yatima ni thawabu kubwa. Mimi nilisomeshwa na baba mdogo, aliuza ng'ombe nikaenda sekondari. Vijana wa leo hata salamu hawatumi.

Mbeba_Boksi: Thawabu sawa, ila unafuu wa mtoto IRS hawautoi kwa asiye raia wala mkazi wa Marekani. Ulivyowaandika, kila mmoja amekupunguzia makato dola 2,000 kwa mwaka huu wa 2024; wanne, umekatwa 8,000 pungufu. Bonasi unaionea bure. Jaza W-4 mpya kesho, ongeza makato pale 4(c), sehemu ya makato ya ziada. Makato ya mshahara huhesabiwa kama yamekatwa sawasawa mwaka mzima, hata ukiyaongeza Desemba. Ukisubiri ulipe mwenyewe Januari 15, siku ya malipo ya robo ya mwisho, robo za nyuma za mwaka zinabaki na pengo, na kwa kiwango cha sasa, 2024, linatozwa 8% kwa mwaka.

Mgosi_Dallas: Mishahara iliyobaki ina kazi. Bonasi nimelipia kiwanja Kigamboni, awamu ya pili Desemba. Na 8% mbona ndogo, mikopo ya huko nyumbani inazidi hapo.

Mbeba_Boksi: 8% ni adhabu. Ile 8,000 yenyewe iko palepale.

Kipara_Ngoto: Chai hii. Mwezi uliopita huyuhuyu alikuwa Masasi anauliza bei ya korosho.

Mgosi_Dallas: Akaunti natumia na shemeji.

Kipara_Ngoto: Shemeji naye ana W-4?

BintiPangani: Tuacheni hayo. Kiwanja kina hati?