Naomba ushauri: intaneti ya nyumbani ikifika saa mbili usiku inakufa, nipande kifurushi?

Mama Pacha
Wakuu, habari zenu. Nina faiba ya Mbps 50 (megabiti 50 kwa sekunde). Asubuhi na mchana haina shida. Kuanzia saa mbili usiku hadi kama saa tano, video inazungusha kile kiduara mpaka nakata tamaa, na kwenye kikao cha kazini wenzangu wanasikika kama wako ndani ya pipa. Mtoa huduma kaniambia dawa ni kupanda hadi Mbps 100. Ndani tuko wanne, wote kwenye waifai. Nipande?

Mzee wa Waya
Usilipe kwanza. Chomeka kompyuta kwenye ruta kwa waya, zima waifai kabisa, pima saa tatu usiku, halafu upime tena saa kumi alfajiri. Ukipima kwa waifai hupimi laini, unapima kuta zako na ruta za majirani. GHz 2.4, masafa yanayotumiwa na waifai nyingi, ina chaneli tatu tu zisizoingiliana, na mtaa mzima mmejazana humo.

Kipanga
Mnamsumbua bure. Lipia 100, nusu ikiliwa unabaki na 50 zako. Hesabu ya darasa la tatu.

Mzee wa Waya
Kipanga, hesabu hiyo ingekubali kama bomba lingekuwa lake peke yake. Kifurushi ni koki ya jikoni. Bomba la mtaa likikauka, koki kubwa itatoa upepo mwingi zaidi.

Mama Pacha
Nimerudi. Waya ni mfupi, nimepima kompyuta ikiwa sakafuni nami nimepiga magoti. Saa kumi alfajiri: 48. Saa tatu usiku: 9. Pingi, yaani muda wa data kwenda na kurudi, hadi kwenye ruta ni milisekunde 1, kwenda nje 210.

Nyuzi 32
Basi ndani kwako kuna amani, tatizo liko nje. Ila msikimbilie kuwalaumu majirani. Faiba nyingi za majumbani ni GPON: nyuzi moja inapita kwenye splita (kigawanyi) na kugawiwa nyumba 32, pengine 64. Inabeba Gbps 2.488 (yaani Mbps 2,488) kushuka, ya kupakua, na 1.244 kupanda, ya kupakia. Gawa ya kushuka kwa 32, ni kama Mbps 78 kila nyumba, hata mkivuta wote sekunde ileile. Mkiwa 64 ni kama 39. Hiyo 9 yako si rahisi itokee hapo. Nashuku kilichojaa ni kule mbele, kiungo kinachokusanya mitaa mingi na kuipeleka nje. Karibu kila mtoa huduma anauza kasi kubwa kuliko aliyonayo, kwa kuamini kuwa hamtavuta wote kwa pamoja, na siuiti wizi, maana bomba la mtu mmoja mmoja wengi tusingelimudu. Kosa ni kuongeza wateja bila kupanua kiungo. Ndiyo maana mkataba unasema "hadi" Mbps 50.

Bint Sayari
Mama Pacha, na simu za ndani je? Zikipandisha picha na video, foleni ya kupanda inajaa na pingi inaruka juu, hata kama kushuka kuko wazi.

Mama Pacha
Wakati wa kupima waifai ilikuwa imezimwa, kwa hiyo hiyo 9 si yetu. Lakini umenifumbua macho: simu ya baba watoto inapandisha video zake zote saa tatu kamili. Nimeihamishia saa nane usiku. Amenuna.

Mtoa huduma nimemtumia vipimo vya siku saba, na saa zake. Kajibu: "Zima ruta, uwashe tena."

Mzee wa Waya
Mwandikie kwamba ruta hiyohiyo, bila kuzimwa, saa kumi alfajiri inatoa 48. Kisha muulize swali moja tu: kiungo cha mtaa wenu saa tatu usiku kinajaa kwa asilimia ngapi? Anayepokea simu hana jibu la hilo, itabidi alipeleke kwa mafundi wa mtandao. Na wakikushikilia upande 100, omba mwezi mmoja wa majaribio wenye ruhusa ya kurudi 50, kwa maandishi.

Kipanga
Haya, nami napima leo usiku. Waya nautoa wapi?