Kina baba vijana wa Kigoma na Tabora: umewahi kusafiri na mtoto mdogo bila mama yake? Tupeane uzoefu

Kijana wa Isevya
Wakuu, salaam. Jana jioni nilimsindikiza mjomba stesheni hapa Tabora. Nikamwona kijana wa umri wangu kafunga mtoto kwa kitenge, fundo limekaa vibaya begani, anatoka kwa mama lishe huyu anakwenda kwa yule akiomba maji ya moto. Moyo ukanishuka. Miaka sita iliyopita kijana huyo nilikuwa mimi.

Mama watoto alikuwa amebakiza wiki chache ajifungue wa pili, akaambiwa apumzike. Tukakubaliana huyu wa kwanza, miezi kumi na moja, nimpeleke kwa bibi yake kule Mwandiga, Kigoma. Nikafungasha uji wa lishe, chupa ya chai imejaa maji ya moto, nepi, shuka. Nilijiona nimekamilika.

Anayeijua Tabora anajua habari ya treni kukatwa. Mabehewa ya Mwanza yaende kwao, ya Mpanda kwao, ya Kigoma yasubiri kichwa. Saa tano usiku kichwa kikaja kuungwa, behewa likapigwa kishindo, chupa ikaruka toka mezani hadi sakafuni. Ikapasuka. Namshukuru Mungu hayakumgusa mtoto, lakini ndiyo yalikuwa maji yangu yote.

Basi akaanza kulia. Akalia Usoke, akalia Urambo. Nimempa uji wa baridi, kautema. Nimembeba nimesimama kwenye korido mpaka miguu inatetemeka. Abiria wengine wananionea huruma, wengine wanavuta shuka kichwani. Halafu mama mmoja akaniuliza swali dogo tu: "Baba, mama yake humwimbia nini akitaka kulala?"

Sikujua. Miezi kumi na moja ndani ya nyumba moja, kila usiku wimbo ule unaimbwa chumba cha pili, na sikuujua. Nimepitia mengi lakini sijawahi kujisikia mtupu kama usiku ule. Kufika Kaliua mtandao ukashika, nikampigia mama yake saa nane usiku. Hakuuliza kitu. Aliposikia kilio akaanza kuimba, nami nimeweka simu kwenye sikio la mwanangu. Salio lilipokatika alikuwa ameshalala.

Wimbo ule naujua sasa, wote. Haya, na wengine mtoe ya kwenu.

Mwanaujiji
Aisee umenikumbusha mbali. Hapo pa kishindo cha kuunganisha mabehewa, kila mtu kamwaga kitu.

Baba Mapacha
Pole sana mkuu. Mimi nina wawili wa siku moja, na ushauri wangu ni mmoja: chupa ya chai usiiweke mezani, ifunge na kitenge kwenye mguu wa kiti. Na maji ya moto omba kwenye behewa la chakula mapema, kabla ya saa tatu.

Mama wa Cheyo
Mwangaluka jamani. Nimesoma nimelia kidogo, sikatai. Lakini niseme ukweli: sisi tunasafiri hivyo kila mwaka, mmoja mgongoni, mmoja mkononi, na ndoo ya asali ya wakwe kichwani, hakuna aliyefungua mada.

Gungu Damu
Mama, mada imeandikwa kina baba. Mbona unatuharibia?

Mama wa Cheyo
Sijaharibu kitu. Nimesema tu mjue. Huyo aliyeuliza wimbo ni mama, aliyeimba kwenye simu ni mama. Mshukuruni.

Kijana wa Isevya
Mama wa Cheyo yuko sahihi. Muacheni aongee.

Gungu Damu
Haya yaishe. Yangu si ya treni. Tarehe 25 Julai 2021, fainali ya Kombe la Shirikisho hapa kwetu, uwanja wa Lake Tanganyika, Simba na Yanga. Mwanangu wa miaka mitano nikambeba mabegani tangu asubuhi. Mji ulikuwa umefurika, watu wametoka Dar, Mwanza, mpaka ng'ambo Kongo. Jua la Julai Kigoma mnalijua, linachoma na upepo mkavu. Nilisahau kitu kimoja: mtoto hawezi kubana haja dakika tisini. Kila ukuta una watu, kila njia imefungwa na watu. Ikabidi niombe kwa sauti, "Nina mtoto jamani!" na umati ule ukafunguka kama maji. Watu wenye jezi nyekundu na wenye jezi za kijani wakatupisha. Bao la Simba lilifungwa sisi tuko nje nyuma ya ukuta, tukasikia kishindo tu. Mtoto akaniuliza, "Baba, wamefanyaje?" Mpaka leo ndiyo siku anayoikumbuka kuliko zote.

Mwanajangwani
Bila ile kadi nyekundu ya Mukoko wetu wa Yanga lile bao lingetoka wapi?

Gungu Damu
Moja bila. Kombe liliondoka Kigoma na Simba.

Mwanajangwani
Mlicheza na watu kumi!

Baba Mapacha
Wakuu, tunaongelea watoto. Mpira una mada zake.

Mvuvi wa Katonga
Mimi starehe yangu tangu ujana ni ndoano. Nilipopata mtoto nilidhani imekwisha, kumbe ndiyo imeanza. Kila Jumamosi tunakwenda mwambani mimi na binti yangu wa miaka sita, fimbo mbili, chambo cha dagaa. Sharti langu ni moja: haingii mtumbwini bila jaketi la kuokolea, na miezi ya kiangazi upepo wa kusini ukianza kuvuma tunabaki nchi kavu. Ziwa Tanganyika hili lina kina cha mita 1,470, la pili duniani kwa kina. Hatua chache toka mwambani huoni chini. Siogopi ziwa, naliheshimu.

Juzi tulichelewa mpaka giza. Mwezi haukuwepo, kwa hiyo wavuvi wa dagaa walikuwa wametoka wote, taa zimejipanga kwenye maji mpaka mbali. Binti akaniambia, "Baba, ule mji unaitwaje? Twende siku moja." Nikamwambia si mji, ni wavuvi, na taa zile zinawaita dagaa. Akanyamaza. Halafu akasema, "Basi baba zao wote wako kazini." Na mimi baba yangu alikuwa kwenye taa hizo miaka yote ya utoto wangu. Sikuwahi kuvua naye hata siku moja mchana, maana mchana alikuwa amelala.

Mwanaujiji
Hata mimi nilipokuwa mdogo nilidhani ni mji. Hapo pa mwisho umenimaliza.

Wa Nguruka
Mada hii naiogopa, lakini niandike. 2016, Kigoma kwenda Tabora, daraja la tatu. Mtoto wangu miaka minne. Mama yake alikuwa Tabora kwa matibabu, amemlilia mwanawe, nikaamua nimpelekee. Tumepita Kazuramimba, tumepita Uvinza pale watu wanapandisha chumvi, mtoto hajala, anasema anataka samaki. Tukafika Nguruka usiku mnene. Wauzaji wako upande wa pili wa treni, wana samaki wa Malagarasi wa kukaanga, harufu imejaa behewa zima. Mtoto kasinzia. Mama tuliyekaa naye kiti kimoja akasema, "Shuka haraka Baba, namwangalia." Koti langu nimemfunika mtoto. Simu imo kwenye koti.

Nilikuwa nahesabu chenji honi ilipolia.

Nikakimbia. Mlango wangu umejaa watu, nikashika chuma, mkono ukateleza kwa mafuta ya samaki. Nikaanguka kwenye kokoto. Nilipoinua kichwa naona taa nyekundu ya behewa la mwisho inakwenda, na mwanangu yumo ndani.

Narudi, mtoto huyo huyo ananiita hapa.

Baba Mapacha
Mkuu usituache hewani!

Mama wa Cheyo
Yesu wangu. Ikawaje?

Dereva wa Urambo
Samahani, lakini mtu mzima anamwachaje mtoto wa miaka minne ndani akanunue samaki? Si ungenunua dirishani kama watu wote?

Mwanaujiji
Kaandika wauzaji walikuwa upande wa pili. Soma kwanza.

Dereva wa Urambo
Nimesoma. Mtoto huachi. Alale na njaa, asubuhi atakula Tabora.

Baba Mapacha
Wewe hujawahi kusafiri na mtoto mwenye njaa, ungekuwa umesafiri usingesema hivyo.

Dereva wa Urambo
Nina wanne, na nimesafiri nao wote.

Kijana wa Isevya
Dereva, hoja yako tumeisikia. Tumwache mwenzetu amalize.

Wa Nguruka
Nimerudi. Dereva hajakosea, hayo maneno nimejiambia mwenyewe kwa miaka.

Nilikwenda kwa stesheni masta nikiwa nalia, magoti yanatoka damu. Mzee yule hakunigombeza. Akapiga simu ya reli Usinge na Kaliua, akaeleza behewa na mtoto na koti la kijani. Kisha akanipa simu yake ya mkononi, akasema piga namba yako. Nikapiga. Haipatikani. Kati ya Nguruka na Usinge ni pori tupu, nyie mnajua. Nikapiga labda mara thelathini. Kila mara ule mlio wa kukata.

Kisha ikaita. Akapokea yule mama. Kabla sijasema neno akaniambia, "Baba, mtoto amelala. Nimempakata. Usije ukapanda chombo cha wazimu usiku huu ukafa njiani ukamwacha yatima. Mimi simwachii mtu." Nikakaa chini pale pale.

Kumbe kule Kaliua wafanyakazi wa treni walisema mtoto ashushwe abaki stesheni mpaka baba afike. Mtoto akaamka, akamng'ang'ania yule mama, hataki mtu mwingine. Yule mama alikuwa na tiketi mpaka Tabora, pale aunganishe ya Mwanza ashukie Bukene. Alikuwa anawahi msiba wa kaka yake. Akashuka Kaliua na mwanangu. Treni ikaondoka, msiba ukamwacha.

Nimefika saa tatu asubuhi juu ya lori la magunia. Nimewakuta kwenye benchi, mtoto anakula chapati, kafunikwa khanga. Nilimpigia magoti. Nikatoa pesa yote niliyokuwa nayo, akachukua nauli tu. Akasema, "Nenda ukampe mwenzio mtoto wake." Nikamwandikia namba yangu kwenye kipande cha boksi, ya kwake hakuwa nayo, hakuwa na simu. Khanga akamwachia mtoto. Ninayo mpaka leo.

Mama wa Cheyo
Nimeshindwa kuandika. Pole Baba. Kaka yake kazikwa yeye yuko Kaliua na mtoto wa mtu.

Dereva wa Urambo
Naomba radhi, kaka. Nilisema kwa hasira ya mzazi. Ukipita Urambo nitafute, tunywe chai.

Wa Nguruka
Sina kinyongo ndugu yangu.

Gungu Damu
Ushauri: ukisafiri na mtoto andika namba mbili za simu kwa kalamu ya wino mkononi mwake. Au shona kwenye nguo. Na simu haikai kwenye koti, inakaa kwako.

Mwanaujiji
Mimi nasema simu ibaki na mtoto. Huyu simu isingebaki na mtoto angejua wapi?

Gungu Damu
Basi ziwe mbili.

Baba wa Usoke
Mnajitesa bure. Kabla ya safari unampa kijiko cha Piriton, analala Kigoma anaamka Tabora. Mimi hufanya hivyo.

Muuguzi Kasulu
Baba wa Usoke, nakuomba uache. Hiyo ni dawa ya mzio, si ya kumlaza mtoto. Mtoto mdogo unaweza kumzidishia bila kujua, na akipatwa na shida ya kupumua usiku behewani utadhani amelala tu. Akitapika au kuhara njiani, beba pakiti za ORS: pakiti moja, lita moja ya maji safi na salama, unampa kidogo kidogo. Aliye chini ya miezi sita ni maziwa ya mama, kwa hiyo huyo usisafiri naye bila mama yake kama hakuna ulazima. Na homa ukanda wetu huu usiisubirie mwisho wa safari. Mtoto akichemka shuka kwenye mji wenye kituo cha afya, apimwe malaria. Tiketi utakata nyingine.

Baba wa Usoke
Bibi yangu katulea hivyo hivyo na tuko hai.

Muuguzi Kasulu
Nashukuru mko hai. Mimi nimepokea ambao hawakuwa na bahati hiyo.

Baba wa Usoke
Nimekuelewa dada. Naacha.

Kijana wa Isevya
Wa Nguruka, yule mama uliwahi kumwona tena?

Wa Nguruka
Nimekwenda Bukene mara mbili. Jina lake silijui, nilikuwa namwita Mama tu, na kuuliza msiba wa mwaka 2016 bila jina la marehemu watu wanakuangalia. Nakumbuka alisema nyumba ya kaka yake iko karibu na reli, na marehemu alikuwa fundi baiskeli. Mwanangu sasa anasoma sekondari. Ile khanga ameniomba aende nayo bweni.

Mchana Bukene
Nilikuwa nasoma tu, sina kawaida ya kuandika. Mimi kwetu ni Bukene. Fundi baiskeli wa karibu na reli aliyefariki mwaka huo ninamfahamu, alinizibia pancha nikiwa shule ya msingi. Ana dada waliokuwa wanaishi upande wa Kigoma. Sikuahidi kitu. Khanga hiyo ina rangi gani?

Wa Nguruka
Nyeusi na nyekundu, pindo nyeupe. Kona moja imeungua kidogo kama kwa jivu la mkaa.

Mchana Bukene
Jumapili nakwenda nyumbani. Nitauliza.